Meseji Iliyoanza na Marahaba

Mgonjwa wa kwanza kwenye orodha yangu aliitwa Shikamoo Daktari. Umri wake ulikuwa Habari za Kazi, kijiji chake Sisi Huku Wazima, na jicho lililokuwa likimsumbua lilikuwa Miaka Sabini na Mbili. Nilimtazama mgonjwa huyo kwenye kioo cha kompyuta, nikanywa chai, nikamtazama tena. Hakubadilika. Aliyemfuata aliitwa Tumsifu Yesu Kristo.

Inabidi nieleze ilikuwaje mtu kama mimi nikakabidhiwa macho ya watu.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nyumba yangu iko Isevya, hapa Tabora, na chumba cha mbele nimekigeuza ofisi ya kuchapa barua na kutoa fotokopi, kwa hiyo safari yangu ya kwenda kazini ni hatua tisa, kumi siku nikipitia jikoni. Mke wangu huwaambia wageni hakuna haja ya kupiga simu kabla ya kuja. "Yupo," husema. "Huyu yupo tu, kama kabati." Kidato cha nne nilimaliza na daraja la nne, na alama yangu ya hisabati mwalimu aliisoma kwa sauti ya chini kwa heshima ya wazazi wangu. Kuandika programu za kompyuta nilijifunza baadaye, ukubwani, kwa kutazama video kwenye simu na kuigiza, nikitumia kompyuta niliyonunua kwa mtu aliyekuwa anahama mji. Ina herufi mbili zisizobonyezeka mpaka uzibembeleze.

Aliyeniletea kazi ya macho ni mtani wangu. Ni muuguzi, Mgogo wa Dodoma, alipangiwa kazi huku kwetu miaka kadhaa iliyopita na tangu siku aliyojua kwamba mimi ni Mnyamwezi sijapata amani. Mtani hapigi hodi. Siku hiyo aliingia, akafunua bakuli langu, akachota michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga nilizoziweka kwa ajili ya mchana, akakaa.

"Mtani," akasema mdomo umejaa, "babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka Bagamoyo kwa miguu. Wewe unabeba nini?"

"Nabeba jina lao."

"Na jina lenyewe umelikalisha kwenye kiti."

"Na babu zako walikaa njiani kumdai hongo kila aliyetaka kunywa maji. Mpaka leo mmeshindwa kuacha. Rudisha michembe."

"Hii si hongo," akasema, akachota tena. "Hii ni pole yangu kwa kukuona umekaa."

Alipomaliza kula ndipo akaeleza. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja kwenye hospitali moja ya mjini kwa siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa, kuwafanyia upasuaji wazee wenye mtoto wa jicho, bila malipo. Matangazo yalikuwa yameshatolewa makanisani, misikitini na kwenye zahanati, Igalula, Urambo, mpaka Bukene. Mwenye tatizo atume meseji yenye vitu vitano: jina, umri, kijiji, jicho gani, na namba ya simu ya kumpata. Kila kimoja akitenge na mkato. Simu ya kupokelea meseji ilikuwa mkononi mwake, inalia kama kifaranga kilichopotewa na mama.

"Wanahitaji orodha safi," akasema. "Kijiji kwa kijiji, ili dereva ajue anamchukua nani wapi. Nikasema kazi hii inataka mtu anayekaa. Nikakukumbuka."

Nilikubali kwa sababu mbili. Kwanza, niliona ni kazi nyepesi. Programu inachukua mstari, inaukata kila penye mkato, inapata vipande vitano, inaweka kila kipande kwenye safu yake. Vikizidi au vikipungua vitano, inaandika kosa. Umri usipokuwa namba, inaandika kosa. Pili, hapakuwa na haja ya kutoka nyumbani.

Niliendesha programu kwa mara ya kwanza Jumatano, wiki moja na ushei kabla ya madaktari kufika, na makosa yalikuwa mengi kuliko wagonjwa. Ndipo nilipokutana na Bwana Shikamoo Daktari. Kumbe aliyepanga vile vitu vitano hakukumbuka kwamba anawaandikia watu wa huku. Ni nani huku atakayeanza kumweleza daktari habari za jicho lake bila kumwamkia, kumuuliza kazi, na kumpa taarifa kwamba wa huku wote wazima isipokuwa jicho? Na walivyo watiifu, kila salamu waliitenga na mkato, kama walivyoelekezwa.

Nikatengeneza orodha ya salamu za kuondoa kabla ya kukata mstari: shikamoo, habari, hamjambo, tumsifu, asalaam alaikum, mwangaluka. Mtani wangu alikuja akanikuta katikati ya kazi hiyo, akasoma begani kwangu.

"Unafuta shikamoo za wazee?"

"Si mimi, ni programu."

"Programu imezaliwa na nani?"

Nilikuwa nimeshahamia kwenye umri. Mstari wa kumi na nne, umri si namba: "mzee". Mstari wa ishirini, umri si namba: "wa siku nyingi". Mstari wa thelathini na moja, umri si namba: "tulipopata uhuru nilikuwa nachunga ng'ombe". Programu ilikuwa inalalamika kwa sauti ileile ya mwalimu wangu wa nidhamu, nami nikawa narekebisha mmoja mmoja kwa mkono, napiga hesabu za uhuru na ng'ombe, na kusema kweli nilianza kujiona mtu muhimu.

Halafu yakaja marudio. Watu walikuwa wametuma meseji, hawakujibiwa, wakatuma tena. Ukimwamkia mtu asikuitikie unafanyaje? Unaamkia tena kwa sauti. Kuna mzee mmoja wa Bukene alituma mara sita, na ya sita iliongezwa maneno mwishoni: "Daktari, mbona huitikii?" Nikaona nisipoondoa marudio, dereva atamtafuta mzee mmoja mara sita. Lakini utajuaje kwamba huyu ndiye yule? Majina yanafanana, na umri wa mtu unabadilika kutoka meseji moja hadi nyingine kwa miaka kumi. Nikatafuta kitu kisichobadilika, nikakiona: namba ya simu. Namba moja, mtu mmoja. Ikijirudia, bakiza ya kwanza, futa zilizobaki.

Nilijipongeza kwa mstari ule. Ulikuwa mfupi na safi, na programu ilipofika mwisho iliandika maneno ambayo sijawahi kuandikiwa na mwalimu yeyote: Makosa, sifuri. Nilimwita mke wangu aje aone. Alitazama, akaniuliza kama sifuri ndiyo nzuri. Nikamwambia safari hii ndiyo nzuri.

Jumatatu ya madaktari ikafika, kambi ya macho ikaanza. Jumanne gari la hospitali likaenda upande wa Igalula. Jumatano asubuhi, saa mbili, nikiwa na chai yangu, ile simu ya meseji, ambayo mtani wangu alikuwa ameshaniachia, ikapigwa.

"Wewe ndiye daktari?" Sauti ya mwanamume, iliyojaa haraka.

"Hapana. Mimi ni mtu wa orodha."

"Basi wewe ndiye ninayekutafuta. Mimi nina duka huku ndani, ukishapita stesheni ya Igalula. Jana gari limekuja. Dereva kafungua karatasi, kasoma jina moja. Moja! Kampakia mzee mmoja, kaondoka. Wenzake kumi wamebaki kwenye benchi langu, wamevaa viatu."

"Labda mfumo umesumbua..."

"Mfumo ndiye nani? Nipe namba yake nimpigie."

Nikamwomba asubiri. Nilifungua faili la mwanzo, lile ambalo halijapita kwenye programu, nikatafuta namba aliyonipigia. Ilikuwepo mara kumi na moja. Majina kumi na moja tofauti, umri tofauti, huyu jicho la kulia, yule la kushoto, na mwisho wa kila meseji namba ileile moja. Simu ya dukani. Duka lenye sola, palipo na chaji kutwa nzima, palipo na mtu anayejua kuandika meseji na mwenye subira ya kutajiwa neno kwa neno. Kijiji kizima kilikuwa kinapatikana kwa namba ile. Na mimi nilikuwa nimebakiza ya kwanza, nimefuta zilizobaki.

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa najua. Nimelelewa kwa simu ya jirani. Nilipokuwa shule, mama yangu alikuwa akipigiwa kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, na fundi akitokea mlangoni akiita, mama alikuwa anakimbia na khanga moja mguu mmoja una kandambili. Ningekuwa nimeandika programu ile siku zile, ningemfuta mama yangu na kumbakiza fundi. Nimekaa kwenye kiti miaka mingapi mpaka nikasahau?

Nilirekebisha mstari ule kwa dakika tano, nikaendesha tena, nikalinganisha orodha mbili. Waliorudi walikuwa wale kumi wa kwenye benchi, pamoja na bibi mmoja wa Urambo aliyetumia simu ya mume wake. Kisha nikampigia mtani wangu. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea kwa shukrani. Hakutukana. Nikasikia anafungua daftari la safari za gari, na mtani asiyetukana anatisha.

"Gari leo liko Urambo," akasema. "Yule bibi wa Urambo nitamwambia dereva ampitie. Kesho asubuhi naweza kulipata kwa safari moja tu upande wa Igalula. Moja. Kupima kunafungwa kesho saa sita mchana, Ijumaa ni ya kufungua bandeji na kuondoka. Wakikosa hapo wamekosa, na sijui lini watakuja tena."

"Nakutumia orodha mpya sasa hivi."

"Orodha yako ilishamdanganya dereva mara moja. Mtani akikosea anatozwa faini, unajua?"

"Najua. Nitakuletea kuku."

"Kuku sitaki. Faini yako utakwenda mwenyewe, leo. Uwaone kwa macho, mmoja mmoja, wawepo wote kumi gari likifika saa moja asubuhi. Babu zako walifika Bagamoyo. Wewe fika Igalula."

Mke wangu aliponiona natafuta viatu aliuliza kuna msiba wa nani. Nikamwambia naenda Igalula.

"Igalula ipi?"

"Ipo moja tu."

Alicheka mpaka akashika mlango. Halafu akanifungia sweta, dawa ya tumbo, mswaki na michembe, akauliza kama nitakuwa nawaandikia barua kutoka huko. Lakini aliponisindikiza kwenye bodaboda alinishika mkono akasema, "Hakikisha wanatibiwa, baba. Usirudi na orodha tu."

Kwa pikipiki ni mwendo wa saa moja na zaidi, reli ikiwa upande mmoja na miombo upande mwingine, mizinga ya nyuki imening'inia kwenye miti. Hao ninaojivunia jina lao walipita huku na mizigo mabegani, kwa miezi, na wakarudi. Mimi nilipofika Igalula nilishindwa kushuka. Dereva wa bodaboda alinikunjua kama mkeka.

Duka lilikuwa mbele zaidi, njia ya vumbi. Mwenye duka ni mtu wa rika langu, penseli sikioni, na kabla sijamaliza kusalimia alinyoosha kidole kwenye benchi. Walikuwa tisa. Wazee kwa bibi, wamevaa nguo za kanisani, viatu miguuni, fimbo katikati ya magoti, nyuso zote zimeelekea barabarani ambako hawakuwa wanaona kitu. Niliwaamkia mmoja mmoja, na safari hii sikufuta shikamoo ya mtu. Nikasoma karatasi, nikauliza jina, nikauliza jicho, nikaweka alama. Hawakuniuliza kwa nini nimechelewa. Hilo nalo lilinikaa vibaya.

"Wako tisa," nikamwambia mwenye duka.

"Wa kumi ni bibi wa nyumba ile ya mwisho. Jana gari lilipoondoka kasema mashine imemkataa. Kasema mashine inajua umri, imeona hana faida. Kaenda zake, na hatoki. Nimemfuata mara mbili."

Nikaenda. Bibi alikuwa amekaa kizingitini na ungo mapajani, anachambua choroko kwa vidole, anatoa mawe bila kutazama chini. Viatu vilikuwa miguuni, vya kamba, vimefungwa vizuri.

"Hodi, bibi."

"Karibu. Ni mtu au ni mti?"

"Ni mtu."

"Afadhali. Siku hizi naongea sana na mashina. Juzi nimemkaribisha mbuzi ndani, nikamwekea na kigoda. Nikadhani mgeni ana aibu."

Nilicheka, kisha nikakumbuka nimefuata nini. "Bibi, natoka mjini, kwa habari ya macho. Jana mfumo ulikuwa na tatizo kidogo..."

"Mfumo nimeshaambiwa habari zake. Umenikataa. Haidhuru, mimi si wa kwanza kukataliwa na mkubwa."

Vidole viliendelea kutembea kwenye choroko. Nikaona kwamba huo mfumo niliokuwa najikinga nao, yeye alikuwa ameshaufanya mtu, mtu mkubwa aliyekaa mjini, aliyemtazama akamwona hafai. Na kwa kweli alikuwepo mtu aliyekaa mjini. Sema hakuwa mkubwa.

"Bibi, hakuna mfumo. Ni mimi. Mimi ndiye niliyeiambia mashine kwamba simu moja ni mtu mmoja. Nyinyi mlikuwa kumi na mmoja kwa simu moja. Mashine ilifanya nilichoiambia, ikabakiza mmoja. Haikujua umri wako wala sura yako. Kosa ni langu."

Vidole vikasimama.

"Una miaka mingapi?"

"Thelathini na sita."

"Na hujui kwamba watu wanatumia simu pamoja?"

"Nilijua. Nikasahau."

"Ukasahau ukiwa wapi?"

"Nyumbani."

"Umesimama au umekaa?"

"Nimekaa."

"Kwenye kiti?"

"Kwenye kiti, bibi."

Akacheka, kicheko kifupi cha puani, cha mtu asiyetaka kuonekana amesamehe mapema. Nikaona nafasi. Nikatoa karatasi niliyoichapa ya meseji za mwanzo, zenye salamu zake zote, nikamwambia nadhani naijua meseji yake bila kuambiwa. Wenzake wote kumi walianza na shikamoo au habari. Mmoja tu alianza na Marahaba. Nilipoiona nilidhani ni mtu amechanganyikiwa. Programu yangu ilikuwa imemwandika jina lake Marahaba, nami nikarekebisha kwa mkono bila kujiuliza.

"Ndiyo yangu," akasema. "Yule wa duka alitaka kuandika shikamoo. Nikamwambia hakuna daktari siku hizi anayenizidi umri. Yeye ndiye wa kuniamkia. Basi mimi nikaitikia kabisa, tusipoteze muda." Alisukuma ungo pembeni. "Na wewe uliipata hiyo marahaba yangu tangu wiki ile. Mbona shikamoo yenyewe sijaisikia? Umekuja na hodi, umekuja na mfumo."

Alikuwa na haki. Benchi zima nililiamkia, nikafika kwake nimejaa maelezo.

"Shikamoo, bibi."

"Nilishakujibu. Soma karatasi."

Nikasoma. Jina, sawa. Kijiji, sawa. Umri, themanini.

"Nilisema themanini na kidogo."

"Mashine haikubali kidogo."

"Kiandike."

Nikatoa kalamu, nikaandika pembeni: na kidogo. Nikauliza jicho gani. Akasema yote mawili, lakini la kushoto ndilo lenye hamu. Nikamwambia gari ni saa moja asubuhi, na kwamba mimi mwenyewe nitakuja kumshika mkono mpaka dukani.

"Na viatu usivue," nikamtania.

"Sijavivua tangu jana. Nikivivua nitavitafuta kwa macho gani?"

Nililala kwa mwenye duka, mara ya kwanza baada ya miaka mingi kulala nje ya kitanda changu, na asubuhi shingo ilikuwa upande. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa kwa bibi. "Mwangaluka," nikasema, nikijivunia Kinyamwezi changu cha mjini, akanisahihisha matamshi njia nzima. Gari lilifika saa moja na robo. Mtani wangu alikuwa mbele, karibu na dereva, na dereva akafungua karatasi. Nikamwomba aifunge. Nikawaita mwenyewe, nikigusa bega la kila mmoja, wakapanda.

"Kumi?" mtani akauliza.

"Kumi."

"Makosa?"

"Moja. Limesimama mbele yako."

"Hilo nalo lipakie," akamwambia dereva.

Tulifika hospitali saa tatu kasoro. Wakapimwa wote. Wawili waliambiwa tatizo lao si mtoto wa jicho, wakapewa dawa ya matone na barua ya kurudi kliniki. Wanane wakaandikwa upasuaji siku hiyohiyo, bibi akiwa wa sita, jicho la kushoto. Mimi nilibaki kwenye benchi la nje. Kitu cha ajabu, nyumbani kwangu ni dakika kumi na tano kwa miguu, na sikwenda. Mke wangu aliniletea chakula, akanitazama nilivyokaa kwenye benchi la watu wengine, akasema kabati limehama.

Ijumaa asubuhi wakafungua bandeji. Nilisimama mlangoni pa wodi nyuma ya mtani wangu. Daktari, msichana mdogo kwa umri, alitoa pamba taratibu, akasafisha jicho la bibi, akamwambia afumbue polepole. Bibi hakufumbua polepole. Alifumbua mara moja, kama mtu aliyeitwa. Akatazama dirisha. Akatazama mikono yake, akaigeuza, akaigeuza tena. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia kwake, "Kumbe nimezeeka hivi."

Daktari akachuchumaa mbele yake. "Shikamoo, bibi. Unaniona?"

"Nakuona. Una kidoti shavuni." Akatikisa kichwa, ameridhika. "Nilikwambia hanizidi umri," akasema bila kugeuka, akijua tu kwamba niko mahali fulani humo ndani. Halafu akageuka, akanitafuta, akanipata. Alinitazama kutoka juu mpaka chini, na safari haikuwa ndefu.

"Huyu ndiye yule wa kwenye kiti?"

"Ndiye," mtani wangu akasema haraka, kabla sijajitetea.

"Sauti ilikuwa ya mtu mrefu."

Wodi nzima ilicheka, wenye bandeji na wasio na bandeji, na mtani wangu alilazimika kushika kitanda. Mpaka leo, akiingia kwangu kuchota michembe, anauliza kwanza kama mtu mrefu yupo.

Ile simu ya meseji haikurudi hospitali. Waliona mahali pake ni kwangu, na watu bado wanatuma, kwa sababu kambi nyingine inasemekana itakuja. Programu nimeibadilisha. Siku hizi haifuti mtu yeyote. Ikiona namba imejirudia inaandika: hawa wana simu moja, waulize, nami napiga simu nauliza. Salamu haiziondoi tena, imetengewa safu yake, ya kwanza kabisa. Na nimeifundisha kujibu. Mtu akituma, papo hapo anapata neno: shikamoo, tumepokea. Hata kijana wa miaka ishirini anaamkiwa, nami nimeona potelea mbali. Tangu hapo marudio yamepungua sana. Kumbe wengi hawakuwa wanarudia majina yao. Walikuwa wanasubiri kuitikiwa.

Sifuri sijaipata tena. Kila nikiendesha programu, kuna mstari mmoja inaulalamikia, na huo nimeuacha. Ulikuja mwezi mmoja baada ya kambi, kutoka namba ya dukani. Programu inasema hauna jina, hauna umri, hauna kijiji, hauna jicho, inataka niushughulikie. Nikiufungua unasomeka hivi:

"Marahaba. Mbuzi amekuja tena leo, nimemfukuza."